Maana ya Uzoefu katika Michezo ya Video ya Hadithi

Katika michezo ya video ambayo mchezaji mmoja huvaa nafsi ya shujaa na kuifuata safari yake, pana mabishano ya siku nyingi baina ya mambo mawili: hadithi yenyewe, na kazi ya kurudiarudia mapigano madogo ili shujaa aongezewe nguvu. Kwa Kiingereza kazi hiyo huitwa "kusaga". Jina hilo lastahili kuchunguzwa, maana msagaji hupata unga, ilhali wanaoilaumu kazi hii husema kuwa ni kutwanga maji kinuni. Lakini kiini cha ugomvi si wingi wa kazi. Kiini ni neno moja, uzoefu, litumiwalo kwa maana mbili zisizopatana.

Alama za uzoefu zilitoka katika mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Huko msimamizi wa mchezo ni mtu, naye aweza kuyakatiza mapigano yasiyo na maana. Mashine haina hiari hiyo. Yajua kuhesabu tu.

Dragon Quest, uliotungwa na Yuji Horii na kutolewa Japani mwaka 1986, wazitumia alama hizo kwa jina la keikenchi, yaani kiasi cha uzoefu. Kumwua Slime, kiumbe mnyonge kuliko wote, kwaleta alama 1. Ili kufika daraja la pili zatakiwa 7, na daraja la 30, lililo la mwisho, lataka 65,535. Haba na haba hujaza kibaba; hata asiye na wepesi wa vidole aweza kushinda kwa subira. Tena kazi hiyo haikukosa maana kabisa. Ngome ya adui yaonekana ng'ambo ya maji tangu hatua za kwanza, na kila kivuko chafungua nchi yenye viumbe wakali zaidi. Kiswahili, chenye neno moja daraja kwa cheo na kwa kivuko, chalieleza jambo hili kwa ufupi: asiyepanda la kwanza asithubutu kulivuka la pili.

Kasoro ipo kwingine. Binti mfalme ametekwa na nchi i hatarini. Lakini mchezaji akishinda kutwa akiua Slime, hakuna liharibikalo. Saa ya hadithi imesimama, ya kazi yaenda. Wala shujaa aliyeua viumbe mia hafikiri tofauti na alivyokuwa jana. Hesabu imekua, mtu ni yule yule.

Undertale wa Toby Fox, uliotoka mwaka 2015, waushika ugomvi huu penye shina lake. Mchezaji aweza kuumaliza bila kumwua yeyote, naye hubaki daraja la kwanza hata mwisho. Akitaka nguvu zote, hana budi kuzunguka huku na huku katika kila sehemu hata asibaki kiumbe wa kuua. Hapo uchovu wenyewe wawa hadithi, kwa kuwa nchi yabaki tupu kwa mkono wake. Na katika njia zisizofikia ukatili huo, mchezaji huelezwa karibu na mwisho kwamba herufi EXP, alizozidhania kuwa ufupisho wa uzoefu, maana yake ni alama za kuua. Na LOVE, lisomwalo kwa Kiingereza kuwa ni upendo, ni kipimo cha ukatili. Ni hoja kali, nayo yatokana na maana ya maneno. Hata hivyo Undertale waihukumu kazi, hauitengenezi.

Disco Elysium, uliotolewa na ZA/UM mwaka 2019, wafuata njia nyingine. Hauna mapigano ya kurudiwa. Mpelelezi aliyepotewa na kumbukumbu hupata alama kwa kuzungumza na kuchunguza, na kila alama 100 humpa nafasi ya kukuza mojawapo ya stadi 24. Stadi hizo husema naye kichwani. Kwa hiyo kila aikuzapo moja, hubadilika ayasikiayo na awezayo kuyasema. Hesabu na mtu vyakua pamoja. Lakini asiyependa kusoma hana pa kukimbilia humo, na ile rehema ya Dragon Quest kwa mwenye subira imepungua.

Kurudia, basi, si kosa. Katika ngano za Waswahili wimbo hurudiwa mara nyingi, na msikilizaji hachoki, kwa kuwa kila urudipo wimbo mambo yamekwisha kugeuka. Kiswahili kina uzoefu, litokanalo na kuzoea, na tajiriba, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kujaribiwa. Michezo mingi humpa shujaa la kwanza na kudai kuwa imempa la pili. Mtunzi atakayeheshimu saa za mchezaji yampasa ajiulize, kila aongezapo alama, ni lipi kati ya hayo mawili alilolihesabu.