Mita 38 za Nyumbu

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Dereva aliyezoea 80 akishapita lango la Fort Ikoma hujiona anatambaa. Fizikia ya kidato cha pili inampinga.

Tuseme nyumbu anakatiza ghafla barabara ya changarawe. Dereva anachelewa sekunde 1 kabla ya kukanyaga breki, kisha gari linapunguza kasi kwa mita 4 kwa sekunde, kila sekunde. Litasimama baada ya mita ngapi?

Wanafunzi wengi hukimbilia fomula, wakabaki wanakisia ipi inafaa. Mchoro ni salama zaidi: muda ulale chini, kasi isimame wima, na umbali utakuwa eneo lililo chini ya mstari. Galileo alijenga hoja yake ya mwendo kwa maumbo ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1638.

Kwanza vipimo vilingane. Kilomita 50 kwa saa, ukigawanya kwa 3.6, ni mita 13.9 kwa sekunde. Sekunde ya kuchelewa inachora mstatili wa mita 13.9. Breki inachora pembetatu: kasi inakwisha kwa sekunde 3.5 hivi, na eneo lake ni mita 24. Jumla, mita 38.

Kwa 80, mstatili ni mita 22 na pembetatu karibu 62. Jumla 84! Mwendo haujafika hata mara mbili, lakini pembetatu imekua zaidi ya mara mbili na nusu, kwa kuwa eneo lake hufuata mraba wa kasi.

Sasa nyumbu awe mita 38 mbele. Gari la kwanza linasimama puani mwake. La pili limeshamaliza mita 22.2 kabla ya breki, limebakiwa na 15.8. Mraba wa kasi yake ulikuwa 494. Kwa kuwa eneo la pembetatu ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa 2 × 4, toa 2 × 4 × 15.8, inabaki 368. Kipeuo chake cha pili ni 19.2, yaani kilomita 69 kwa saa. Linamgonga likiwa bado na mwendo mkubwa kuliko ule ambao mwenzake alianza nao.

Uzito haumo katika hesabu hii, ila kwenye miteremko ya Tarime lori lililosheheni huchemsha breki, na ile 4 haibaki 4.

Walimu wanaosahihisha swali hili waanze kwa kutazama mstatili. Ndio unaosahaulika.