Salim wa Mtaa wa Kichwele: Kijana na Gunia Lake

Mtajie mwanafunzi wa fasihi riwaya ya kijana anayekua, atakujibu upesi: Kazimoto wa Kichwamaji (1974), au Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Kezilahabi ametukaa vichwani, na anastahili. Lakini vijana hao wote wawili asili yao ni Ukerewe. Yule wa Kariakoo, aliyelelewa na kelele za wachuuzi, tumemweka wapi? Mimi namkuta katika kitabu ambacho wengi hatukiiti chetu, eti kwa sababu kimeandikwa kwa Kiingereza na mwandishi wake ni Mhindi. Nazungumzia The Gunny Sack ya M.G. Vassanji, iliyochapishwa na Heinemann mwaka 1989 na kupata tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika, mwaka 1990.

Kisa chenyewe kinaanza na urithi. Salim Juma, anayeitwa Kala kwa utani, anaachiwa gunia na bibi yake, Ji Bai. (Hata neno gunia tumelitoa Bara Hindi, sawa na Waingereza na gunny yao.) Kila kitu kinachotolewa humo kinafungua mkasa. Tunamwona Dhanji Govindji akitoka India, akipita Unguja, akifungua duka Matamu. Tunamwona pia Bibi Taratibu, mtumwa aliyemzalia mtoto, Huseni. Salim ni mjukuu wa Huseni huyo. Basi mapenzi yake na Amina, msichana Mwafrika anayekutana naye Jeshi la Kujenga Taifa, hayavuki mpaka mpya hata kidogo. Mpaka ulishavukwa zamani, nyumbani kwa babu mzaa babu, tena kwa nguvu na bila posa. Ukoo ndio ulioamua kusahau.

Hapo mandhari yanafanya kazi kubwa kuliko tunavyofundishwa. Wakoloni waliigawa Dar es Salaam kwa rangi: Wazungu huku, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga. Mtaa wa Kichwele, ambao baada ya uhuru uliitwa Uhuru, unaanzia pale Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo. Kulsum, mama yake Salim, mjane aliyefiwa na mume Nairobi, anaweka duka lake upande huo wa Waafrika. Kwa hiyo mwanawe analelewa na sauti mbili kwa pamoja: ya msikitini kwao na ya mafundi cherehani. Kuita riwaya hii ya "wahamiaji" ni uvivu. Ni riwaya ya mtaa.

Riwaya ina sehemu tatu, na kila moja ina jina la mwanamke: Ji Bai, Kulsum, Amina. Ya kwanza inampa kijana kumbukumbu, ya pili inampa chakula na nidhamu, ya tatu ilitakiwa impe uamuzi. Hapo ndipo nina ugomvi na msanii. Kulsum ni mtu kamili. Unamwona akihesabu hela, akiogopa, akibana matumizi. Amina, jamani, mara nyingi ni hotuba inayotembea. Anasema siasa vizuri, lakini usiku anawaza nini, hatujui. Mhusika akichorwa hivyo, kumpoteza kwake hakumuumi msomaji kama inavyopasa kumuumiza Salim.

Wapo wanaosema Salim ni mwoga, basi. Siyo siri, kamata-kamata inapowafikia kina Amina yeye anaondoka nchini, anaacha mke na binti. Lakini mlinganisheni na Dhanji Govindji. Huseni alipopotea, mzee yule alitumia hata fedha za jamaa zake kumtafuta, na mwishowe akauawa. Alikuwa mwizi, ndiyo, ila alitafuta. Kitukuu chake anakaa ughaibuni na kufungua gunia. Kusimulia kumechukua nafasi ya kutafuta, na sidhani Vassanji anamsamehe kwa hilo. Yeye mwenyewe aliondoka kwenda kusoma Marekani, akaja kuishi Kanada, kwa hiyo anaijua hesabu hiyo.

Tusisahau lakini kwamba hata mtaa ulikuwa unaondoka. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Wahindi wengi wakafunga virago. Kijana anayekua wakati huo anapoteza mpenzi, jirani na ngazi za kukalia jioni, vyote kwa mpigo. Kazimoto alijiua kwa mawazo. Salim anabaki hai, na binti aliyemwacha nyuma alimpa jina la Amina.