Umesoma Kitabu. Halafu?

Juni 2, 2020 niliposti mraba mweusi Instagram kama watu wengine wote. Siku nane kabla, polisi walikuwa wamemuua George Floyd kule Minneapolis. Mwezi huohuo nikapata How to Be an Antiracist cha Ibram X. Kendi, kitabu kilichotoka 2019 na ambacho ghafla kila mtu alikuwa anakitaja. Nikakimaliza kwa siku nne, nikakipiga picha, nikaposti. Mioyo ikamiminika. Basi, ikaishia hapo.

Nimekisoma tena juzi, na sababu ni geti. Kuna mkahawa fulani hapa Nairobi ambapo mimi na rafiki yangu tulisimamishwa na soja. Mnaenda wapi? Mnakutana na nani? Tukiwa bado tunajieleza, wazungu wawili wakapita. Soja akawafungulia na saluti juu. Tulikasirika, tukaingia, tukaagiza chakula, tukalipa. Usiku nikaandika uzi mrefu mtandaoni nikimrarua yule soja.

Hapo ndipo Kendi alinishika shati. Anasema kudai "mimi si mbaguzi" hakutoshi, kwa sababu hakuna mahali pa katikati pa kusimama. Kuna sera zinazozaa usawa na kuna zinazozaa ubaguzi. Ukinyamaza, umeziacha za pili ziendelee. Tena anageuza hadithi tuliyozoea. Ubaguzi hauanzi na ujinga. Unaanza na mwenye mamlaka anayelinda maslahi yake kwa sera, halafu mawazo ya chuki yanatungwa ili kuitetea. Kwa hivyo kuelimisha watu peke yake hakuvunji kitu.

Nikajiuliza: yule soja ndiye aliyetunga sheria ya geti? Anajua tu ni mgeni gani akikasirishwa, yeye kesho hana kazi. Mimi na ujasiri wangu wote nilikuwa nimemvamia mtu anayelipwa kidogo kuliko wote pale. Meneja hata sikumuuliza swali moja.

Lakini nina ugomvi na kitabu chenyewe. Kendi anaanza na hotuba aliyotoa mwaka 2000, akiwa mwanafunzi wa shule ya upili, katika mashindano ya kumuenzi Martin Luther King, alipowalaumu vijana Weusi wenzake. Ni ungamo la kweli, na kuona mtu Mweusi akikiri kwamba naye alimeza sumu hiyo ndiyo nguvu ya kitabu. Shida ni kwamba anarudia mtindo huo sura baada ya sura. Msomaji anajifunza kile anachoonyeshwa zaidi, yaani kuungama. Hatua za kufanya, kama kubaini sera, kumtafuta mwenye uwezo wa kuibadilisha na kufuatilia matokeo, zinakuja karibu na mwisho, wakati tushachoka kujitazama kwenye kioo. Ndiyo maana wengi wetu tulitoka na hisia nzito na mikono mitupu.

Sisi hapa nyumbani tuna andiko fupi zaidi linaloanzia pale Kendi anapomalizia. Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa chuo kikuu hapa Nairobi, James Ngugi (baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Hakuna kuungama humo. Wanataja idara moja, wanauliza kwa nini Uingereza iwe kitovu na Afrika iwe nyongeza, kisha wanasema ni nini kiwekwe mahali pake, fasihi simulizi ikiwa mstari wa mbele. Na walijua wa kumwandikia: walikuwa wanajibu pendekezo lililopelekwa kwenye bodi ya kitivo.

Hawakupata kila kitu. Walitaka idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Iliyokuja ni Idara ya Fasihi. Waraka wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza. Ila mitaala ilibadilika, na kama ulisoma hadithi za nyanya zetu darasani ukatahiniwa, basi ulionja jasho lao.

Kinachonigusa ni kwamba walikuwa watatu, sahihi tatu kwenye karatasi moja. Kendi, kwa uzuri wake wote, anaongea nami kama niko peke yangu chumbani.

Basi tulifuta ule uzi. Sisi wawili na rafiki mwingine tuliandikia meneja wa mkahawa barua, tukataja Kifungu cha 27 cha Katiba, kinachomkataza hata mtu binafsi kubagua kwa misingi ya rangi. Tuliomba kitu kimoja: kanuni ya geti iandikwe na ibandikwe, ama kila mgeni aulizwe, ama asiulizwe yeyote. Soja hatukumtaja popote.

Meneja bado hajajibu. Barua ya pili imetoka Jumatatu, na sasa tuko sita.