Puli ya Mbele

Gereji yenyewe iko Kahama, kandokando ya barabara iendayo Kakola, na haina kibao. Fundi, mzee wa makamo, alikuwa amechuchumaa mbele ya Land Cruiser iliyochoshwa na njia za migodini, chaki mkononi. Alichora mstari mmoja mnyoofu usoni mwa puli ya kranki, kutoka kwenye kitovu, ukavuka ukanda wa mpira, ukaishia kwenye pete ya nje. Akaagiza injini iwashwe, ivutishwe moto, kisha izimwe. Mstari ulikuwa umekatika. Kipande cha pete kilikuwa kimehama upana wa kidole kutoka kipande cha kitovu.

“Ng'wanawane,” akamwambia kijana mwenye gari, “puli hii ilishakufa zamani.”

Kijana hakuelewa. Gari si linawaka? Si linatembea?

Wengi wetu tungeuliza vivyo hivyo, kwa kuwa macho yetu huishia kwenye mkanda unaozungushwa na puli. Fundi yule huanzia ndani zaidi. Kranki ni chuma, lakini chuma hujisokota. Kila silinda inapolipuka, kranki hunyongwa kidogo na kujirudisha. Injini ya silinda sita za mstari, kama ile ya Land Cruiser, ina kranki ndefu. Nyuma imefungwa flaiwili nzito isiyokubali kuyumbishwa, na mbele iko huru, kwa hiyo ncha ya mbele ndiyo inayohangaika. Wanaocheza Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, wanajua jembe linavyopata nguvu pale mkono na ngoma vinapokutana. Kranki nayo ina pigo lake la asili, na milipuko ikiliangukia pigo hilo, kila mmoja huongeza pale ulipoachia uliotangulia, mpaka chuma kinakatika. Mara nyingi hukatikia nyuma, upande wa flaiwili. Ndiyo maana watu hulaumu beringi, oili, dereva, hata mkono wa mtu. Puli ya mbele, ambayo mpira na pete yake ndivyo humeza mtikisiko huo, haitajwi.

Sijaona kazi inayodai subira kama hii ya kuchagua puli. Ukimletea mzee injini ya mashindano, hatazami kipenyo cha puli wala bei. Anauliza flaiwili ni ya kiwandani au imepunguzwa. Anauliza pistoni na konrodi zimebadilishwa au la, na injini itaishi kwenye mizunguko mingapi: siyo itafika, itaishi. Kwa silinda sita, mizunguko 2,000 kwa dakika ni milipuko 100 kila sekunde. Ukifika 7,000, ni 350. Puli ya mpira huwa imepimwa kiwandani kwa pigo moja tu, la kranki ile ikiwa na vyuma vyake vyote vya asili. Ukiipunguza flaiwili ili injini iamke haraka, umelihamisha pigo, na mpira uliokuwa mlinzi sasa unalinda lango lisilopitwa na mtu.

Basi watu wa mashindano hupenda kizuia mtikisiko cha majimaji, yaani dampa ya silikoni. Ndani ya kasha lililozibwa, pete nzito inaelea katika majimaji mazito kama asali, haikushikamana na chochote. Kranki ikitikisika, kasha linatikisika nayo, pete inabaki na mwendo wake, na ule msuguano wa katikati unageuza mtikisiko kuwa joto. Haichagui pigo moja. Hata hivyo, haimsamehi mtu mwenye papara. Nafasi kati ya pete na kasha ni nyembamba mno. Kasha likibonyea kwa nyundo moja tu, pete inagusa, na kifaa cha gharama kinageuka uzito wa bure. Nilimtazama mzee akiichomoa moja kwa pula, amefunga bolti kwenye matundu ya kitovu, hagusi ukingo. Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Nyundo ilikuwa karibu na goti lake muda wote. Akishairudisha na kuifanyisha kazi injini, huizima na kulipapasa kasha kwa kiganja: uvuguvugu humridhisha, ilhali ubaridi baada ya kazi nzito humpa wasiwasi.

Tena kuna suala la pete kupasuka. Kwa mwendo mkubwa, pete ya chuma cha kuyeyusha inaweza kuvunjika na kuruka kama risasi. Huko Marekani magari mengi ya mashindano ya kasi hudaiwa dampa yenye muhuri wa usalama wa SFI 18.1. Huku kwetu muhuri ni macho ya fundi.

Elimu hii si changa. Magari ya kwanza ya silinda sita yalivunja kranki hadi mabingwa wa Uingereza, Lanchester miongoni mwao, walipobuni dampa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Na Afrika Mashariki tuliipata shule yake mapema kupitia Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda kwa Datsun 240Z, gari la silinda sita za mstari lenye kranki ndefu kama hiyo tunayoisema. Tunalikumbuka jina la dereva, na ni haki yake. Waliokesha wakiikaza puli ya mbele hawakupigwa picha.

Lakini mbio za magari zina utepe wa mwisho. Kwenye ukanda huu wa dhahabu, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, injini ya lori hutolewa kwenye fremu, ikafungwa karasha, moto ukashikizwa kwa waya, na gololi zikasaga mawe usiku kucha. Dereva wa rali hulipita pigo baya kwa sekunde chache akipanda mizunguko. Injini ya karasha ikishikizwa juu ya pigo hilo, inakaa hapo hapo mpaka ife. Mzee ameziokoa nyingine bila spea yoyote: aliwaagiza wenye karasha wabadilishe ukubwa wa puli za mkanda, ili karasha izunguke vilevile na injini ihame mahali pabaya. Hakudai fedha nyingi. Pengine ndiyo sababu hakusifiwa.

Sasa umeme unafika vijijini na mota zinachukua nafasi ya injini hizo. Hilo silinung'unikii. Ninalonung'unikia ni puli za kukereza. Mpira ukioza, mtu hupeleka kipimo kwa mkerezaji na kurudi na puli ya chuma kitupu, inayong'aa, imara, isiyo na mpira wala pete. Mkanda unakaa vizuri, injini inawaka, kila mmoja analipwa. Miezi ikipita bolti zinalegea, gia za taimingi zinalika, kisha kranki. Na vijana wa magari ya mbio, ambao ndio wangepaswa kujua zaidi, wanaagiza puli nyepesi za aluminiamu zenye rangi nyekundu na buluu, wanazifunga kwenye injini ndefu za silinda sita na kujisifu kwamba sasa inapanda haraka. Inapanda kweli. Mafundi wanaowafungia wanapokea hela, wanawapigia makofi, na hawawaulizi kama flaiwili imepunguzwa.