Maana ya Wimbo "Malaika"

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa darasa la chini wimbo uitwao Malaika, nikiwaeleza kwamba ni wimbo wa kubembeleza mtoto mchanga. Siku moja kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni seremala, alipita karibu na shule akasimama dirishani kusikiliza. Watoto walipokwisha kutoka aliingia, akaniamkia, kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, wimbo ule si wa mtoto. Ule ni wangu mimi." Nalijua habari zake: alikuwa amechumbia, na posa yake ilikuwa imekwama mwaka wa tatu kwa sababu ya mahari.

Maneno yake yalinichoma. Mimi ni mwalimu wa lugha, nami nilikuwa nimeuimba wimbo huo pasipo kuusoma. Basi nilikaa nikaupitia neno kwa neno, kama tulivyofundishwa kuyapitia Maandiko, nami naleta hapa niliyoyaona, ili walimu wenzangu na wachungaji wetu wayapime. Sitauandika wimbo wenyewe, maana hakuna msomaji wa Kiswahili asiyeujua. Nitayashika maneno yake machache tu, yale yanayoibeba maana.

Kwanza habari zake kwa ufupi. Wimbo huu ulijulikana kwa santuri ya Fadhili William, mzaliwa wa nchi ya Wataita katika Kenya, aliyeupiga na bendi yake ya Jambo Boys huko Nairobi miaka ya 1960 ilipokuwa inaanza. Naye alifariki mwaka 2001. Kuhusu mtungaji pana ugomvi wa siku nyingi, kwani wako wasemao kwamba aliyeutunga ni Adam Salim wa Tanganyika, katika miaka ya 1940, kwa huzuni ya msichana aliyeozwa kwa mwenye mali. Ugomvi huo sitauamua mimi. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965, Boney M. wakautoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Hivyo wimbo wa Kiswahili umesafiri kupita vitabu vyetu vyote. Lakini mgeni husikia sauti tamu, huambiwa kwamba neno la kwanza ni malaika, akadhani amekwisha kuelewa. Nasi wenye lugha hatukumzidi sana.

Tulianze neno hilo. Malaika limetoka katika Kiarabu, ambako ni neno la wengi. Kwetu sisi latumika kwa mmoja na kwa wengi. Kiswahili kimelipa maana zaidi ya ile ya mjumbe wa Mungu. Mtoto mchanga huitwa malaika, kwa kuwa hajajua dhambi. Na vile vinyweleo laini vya mwilini huitwa malaika pia. Hapa ndipo nilipopotea. Nilisikia malaika, nikaona mtoto. Najua pia kwamba yuko mchungaji aliyeukataza wimbo huu arusini, akisema kwamba si halali kumpa mwanamke jina la watumishi wa mbinguni. Yeye na mimi tulikosa kwa namna moja: tulilishika neno la kwanza, tukayaacha yaliyofuata. Mwimbaji hamwabudu mtu. Amemwita mpenzi wake kwa jina la kiumbe kilicho juu, kisichofikiwa na mkono, na sababu ya kumwona yuko mbali hivyo yaja baadaye.

Sababu hiyo yaanza kuonekana katika neno nifanyeje. Neno hili laomba shauri. Ni sauti ya mtu aliyekwisha jaribu. Na anayeuliza ajiita mwenzio. Katika Kiswahili cha pwani mtu husema "mwenzio nimechoka," maana yake mimi, niliye mwenzako. Hivyo hakuna mtu wa tatu katika wimbo. Kijana amesimama mbele ya msichana, amwomba shauri yule yule aliye sababu ya taabu yake, na shauri halitoki. Wimbo waisha swali likingali hewani.

Sasa tuangalie kitenzi nashindwa. Tumezoea kukitumia kwa maana ya kutoweza, tukasahau kwamba ni kitenzi cha kutendwa: palipo na mshindwa pana mshindi. Mshindi hapa ni mali, nayo ndiyo kitu ambacho kijana hana. Ajabu ya mashindano hayo! Adui amemshinda kwa kutokuwapo. Wahenga walisema, "Mkono mtupu haulambwi," na mkono wa kijana huyu ndio huo.

Baada ya hapo laja neno ambalo kwangu ndilo moyo wa wimbo: ningekuoa. Walimu wote wa sarufi wajua tofauti ya -nge- na -ngali-, ijapokuwa wasemaji wengi siku hizi huzichanganya. Mtu akisema "ningalikuoa," mlango umefungwa. Wakati umepita, na labda msichana yuko kwa mume mwingine. Akisema "ningekuoa," mlango haujafungwa. Jambo halipo sasa, lakini sharti lake likitimia leo, litakuwa leo. Katika silabi moja mwimbaji ameweka tumaini lake lote. Basi wimbo huu si maombolezo ya mpenzi aliyepotea, kama wengine wasemavyo. Ni maneno ya mtu aliye nje ya lango, na lango lingali wazi kidogo.

Tena kitenzi chenyewe ni kuoa. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kwa hiyo kitenzi kimekwisha kutuambia anayesema ni nani. Miriam Makeba alipouimba hakukigeuza kitenzi hicho, na alifanya vyema, kwani kukigeuza kungeuvunja wimbo: anayedaiwa mahari ni mwanamume. Alikopesha sauti yake ya kike kwa kinywa cha kijana maskini. Wasikilizaji wake wa Marekani hawakuweza kulijua hilo, lakini mwanafunzi wetu wa darasa la sita yampasa alijue.

Nafika katika neno mali, na hapa naomba wasomaji wanivumilie, maana desturi zetu zimo ndani yake. Lugha yetu ina majina mengi ya vitu vitolewavyo katika posa. Mahari, kwa sheria ya Kiislamu ishikwayo pwani, ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Kando yake pana kilemba, ndiyo zawadi ya baba, na jina lake ni kitambaa cha kichwani, dalili ya heshima. Pana mkaja, zawadi ya mama, ambao kwa asili ni nguo afungayo mwanamke kiunoni baada ya kuzaa. Pana na ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Majina haya ni shukrani. Kwa mkaja mkwe humwambia mama, "Tumbo lako liliuma kwa ajili ya huyu", kwa ubeleko humwambia, "Mgongo wako ulichoka." Huko bara, kwa Wataita na jirani zao wengi, mifugo ndiyo iliyokuwa msingi wa jambo hili, na mara nyingi ng'ombe walioingia kwa ajili ya dada ndio waliotoka kwa ajili ya mke wa kaka. Mali hiyo ilikuwa kamba iliyofunga nyumba na nyumba.

Sasa, wasomaji wapenzi, utafuteni wimbo huu tangu mwanzo hata mwisho: hamtaona kilemba, wala mkaja, wala ng'ombe, wala hata mahari. Mtaona mali tu, neno tupu lisilo uso. Na mahali pengine katika wimbo hata mali imeshuka, imekuwa pesa. Nalo neno pesa lina historia yake. Katika siku za rupia, pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, sitini na nne kwa rupia moja. Rupia ilipoondoka katika nchi zetu mapema katika miaka ya 1920, jina la kile kishaba likabaki kuwa jina la fedha zote. Hivyo kijana wa mjini, mwenye kazi ya mshahara, aambiwa atoe kile ambacho babu yake alikitoa kwa ng'ombe na kwa nguo zenye majina. Yale majina yamekwisha, na kilichobaki ni hesabu. Sidhani kwamba mtungaji alikusudia kutufundisha mambo ya kale. Alisema kama walivyosema vijana wenzake, na usemi wao ndio ushahidi.

Pesa hizo, asema, zamsumbua roho. Mfasiri aweza kusema moyo, na hatumlaumu sana. Lakini mtungaji alikuwa na neno moyo karibu naye, akalichagua roho. Moyo ndio makao ya mapenzi. Roho ni pumzi na uhai, nasi wa kanisani twalijua neno hilo kwa uzito mkubwa zaidi. Mapenzi yake hayakusumbuliwa, yako salama mahali pake; kinachosumbuliwa ni uhai wake.

Limebaki neno gumu kuliko yote. Msichana aitwa kidege, yaani ndege mdogo wa kupendwa. Na kama malaika, naye ana mabawa, aweza kuruka akamwacha mtu chini. Pamoja na jina hilo laja neno hukuwaza, nalo lina njia mbili. Njia ya kwanza, ni hu- ya desturi, nayo ku- ni yule awazwaye: mimi hukuwaza wewe kila siku. Kwa kuwa hu- hiyo haichukui alama ya mtenda, neno halimtaji anayewaza. Njia ya pili, ni neno la kukana la wakati uliopita, kama "hukusoma": wewe hukuwaza, yaani hukufikiri. Kwa jicho na kwa sikio hayana tofauti hata kidogo, lakini kwa maana yapingana: moja ni la mapenzi, jingine ni la lawama.

Nimewauliza walimu wenzangu, wakagawanyika. Mimi nashika njia ya kwanza, kwa sababu mbili. Wimbo wote uko katika wakati uliopo: nashindwa, pesa zasumbua, neno moja la wakati uliopita lingesimama peke yake kama mgeni asiyealikwa. Tena hakuna mahali pengine ambapo msichana alaumiwa, wala kwa neno moja. Kwa hiyo namwonya mwalimu atakayetaka kumwandikia mtoto "nakuwaza" ili kuondoa shaka. Asilirekebishe neno, bali awaache watoto waone mashaka yenyewe na kuyaamua kwa sarufi yao. Somo jema kama hili halipatikani kila siku.

Nimeusifu wimbo; lazima niseme na kasoro zake. Msichana ni bubu. Hatuambiwi kama ampenda huyu kijana, wala kama angekubali kumngojea. Wazazi hawatajwi, ijapokuwa ndio wanaopanga kiasi. Tena kijana mwenyewe hasemi kwamba atafanya kazi, au atapeleka wazee, au atakwenda kuomba apunguziwe. Aimba tu, na kurudia maneno yale yale. Mtu mkali atasema kwamba huu ni ulegevu. Kuhusu kurudia nasema kwamba ni desturi ya nyimbo za dansi. Lakini ububu wa msichana ni kasoro ya kweli, nami siitetei, ila naona kwamba katika mabaraza mengi ya posa niliyohudhuria mambo yalikuwa hivyo hivyo: watu walihesabu siku nzima, na yule aliyehesabiwa hakuulizwa neno.

Hivyo nasadiki kwamba Malaika si bembelezi, wala si sifa ya uzuri tu, wala si kufuru. Ni shitaka la kijana juu ya mahari iliyogeuka kuwa bei, na ameliweka katika sarufi kwa upole hata sisi wazee tukacheza dansi bila kulisikia. Nimeona arusini, mzee aliyemtoza mkwewe mpaka senti ya mwisho akisimama kuucheza wimbo huu kwa furaha. Katika Kenya, sheria ya ndoa ya mwaka 2014 imesema kwamba pale mahari yatakiwapo ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha alama chatosha. Lakini sheria haikai barazani pamoja na wajomba.

Kwa walimu nashauri wimbo huu uhamishwe kutoka darasa la watoto wadogo, upelekwe kwa wakubwa, usomwe kama usomwavyo utenzi. Kwa wachungaji nasema, msiukataze. Afadhali uimbwe siku ile wazazi wa pande mbili wanapokuja kuandikisha arusi, kisha waulizwe: nifanyeje ni swali la nani, na nani apasaye kulijibu?

Yule seremala nilimwambia kwamba nilikosa. Alicheka, akasema, "Si kitu, Mwalimu." Jumamosi iliyofuata nilifuatana na wazee wawili wa kanisa kwenda kwa baba wa msichana. Hatujapata jibu, lakini tulipokuwa twatoka mama mtu alituuliza kama kijana ataweza kuleta mkaja. Hakuuliza ni pesa ngapi. Aliutaja mkaja kwa jina lake.