Mstari Mwekundu, Mstari Mweusi

Watalii wengi wanaovuka Mto Nile kutoka Luxor kwenda Bonde la Wafalme huwa na kaburi moja tu akilini, la Tutankhamun, kwa sababu ya dhahabu iliyotolewa humo baada ya Howard Carter kulivumbua mwaka 1922. Dhahabu yenyewe imehamia makumbusho. Kaburini vimebaki vyumba vidogo, na kimoja tu ndicho kilichopakwa picha, tena kwa haraka. Mimi humshauri mtu aupite mlango huo aende kwa Horemheb. Huyu alikuwa jemadari wa Tutankhamun, akaja kuwa mfalme mwenyewe mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo. Kaburi lake, ambalo wataalamu hulitaja kwa namba 57, liligunduliwa mwaka 1908 na Edward Ayrton, aliyekuwa akichimba kwa fedha za tajiri wa Kimarekani, Theodore Davis. Halikukamilika. Kwa anayependa kazi ya mikono, hiyo ndiyo sifa yake kubwa: kuta za chumba cha maiti zimesimama pale pale mafundi walipoziachia, na unaweza kuifuata kazi hatua kwa hatua, kuanzia jiwe tupu.

Njia ya kushukia ni ndefu. Kaburi zima linapita mita 120, nalo huteremka kwa ngazi na miteremko karibu katika mstari mmoja, tofauti na makaburi mengi ya wafalme waliotangulia ambayo yalikata kona katikati. Kuta za huku juu hazina picha hata moja, na wageni hupita mbio. Wasipite mbio. Jiwe la mlima huu ni la chokaa, jeupe na laini kiasi, ila limejaa vipande vya gumegume, vigumu kuliko shaba. Fundi alikuwa na patasi ya shaba au ya shaba nyeusi na nyundo ya mbao, na gumegume lenyewe alilitumia pia kuchongea. Patasi ilipokutana na pande kubwa la gumegume lisilotaka kutoka, fundi hakushindana nalo. Alilizunguka, akaliacha, au alilibandua likaacha shimo, na shimo hilo lilimsubiri mpiga lipu.

Patasi hizo hazikuwa mali yake. Shaba ilikuwa mali ya mfalme. Patasi zilipimwa uzito kwa jiwe la mizani, zikaandikwa, na zilipokuwa butu zilirudishwa zikapimwa tena ili zifuliwe upya, asije mtu akakwangua kidogo akaenda nacho nyumbani. Hata mwanga ulihesabiwa. Mafundi walifanyia kazi taa za mafuta zenye tambi za kitani kikuukuu kilichosokotwa, na karani aliandika tambi ngapi zimetolewa ghalani siku hiyo. Nasimama kwenye ngazi, juu yangu kuna taa ya umeme, na bado naona ukuta kwa shida.

Watu wenyewe waliishi ng'ambo ya kilima, katika kijiji ambacho leo kinaitwa Deir el-Medina. Kikosi kiligawanywa pande mbili, wa kulia na wa kushoto, kila upande na msimamizi wake. Wiki yao ilikuwa ya siku kumi. Siku za kazi walilala kwenye vibanda vya mawe kileleni, karibu na bonde, na siku za mapumziko walirudi kwa wake na watoto. Malipo yalikuwa ngano na shayiri. Tunajua mengi juu yao kwa sababu waliandika kila kitu kwenye vigae na vipande vya mawe ya chokaa. Kipande kimoja, ambacho sasa kimo katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, ni daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa Ramses wa Pili, vizazi vichache baada ya Horemheb. Majina yapatayo 40 yamepangwa kwa wino mweusi, na juu ya siku za kukosekana imeandikwa sababu kwa wino mwekundu: anaumwa macho, ameumwa na nge, anatengeneza pombe, anamzika mama yake. Karani hakubishana nao.

Ukimaliza ngazi za kwanza unafika chumba cha kisima, ambacho sakafu yake ni shimo refu. Hapa ghafla kuta zina rangi, na kazi imekamilika. Horemheb anasimama mbele ya miungu, mara anamtolea Hathor divai katika vyungu viwili vya duara, mara yuko mbele ya Osiris au Anubis mwenye kichwa cha mbweha. Nyuma ya wote ni rangi ya buluu iliyoingia kijivu. Ukutani ng'ambo ya shimo palikuwa na mlango, mafundi wakauziba kwa mawe, wakaupiga lipu na kuendeleza picha juu yake ili mwizi adhani kaburi limeishia hapo. Mwizi hakudanganyika. Tobo lake ndilo mgeni anamopita leo.

Chumba hiki kinafaa kutazamwa kwa makini kabla ya kwenda mbele, kwa kuwa kinaonyesha mafundi walikuwa wanaelekea wapi. Tazama sketi ya mfalme: mikunjo ya kitani imechorwa moja moja, na pale kitambaa kinapokuwa chepesi ngozi inaonekana chini yake, kwa sababu mchoraji alipaka kahawia ya ngozi kwanza, kisha akapitisha nyeupe hafifu juu. Rangi walizotumia si nyingi. Nyekundu na njano ni udongo wa milimani uliosagwa. Nyeusi ni masizi. Nyeupe ni jasi au chokaa. Ziliunganishwa kwa gundi, ya mgunga au ya ngozi za wanyama, na kupakwa kwa brashi za nyuzi za mtende au unyasi uliopondwa ncha.

Buluu ndiyo ilikuwa na kazi. Mlima haukutoa buluu ya kutosha, ikabidi wapike. Walichanganya mchanga, chokaa, shaba na magadi kidogo, wakaviweka tanuruni katika joto la nyuzi kati ya 850 na 1,000 kwa saa nyingi, bila kipimajoto, kwa kutazama moto tu. Kilichotoka ni bonge gumu, na bonge hilo lilisagwa. Hapo kuna siri ambayo mpaka rangi alipaswa kuijua kwa vidole: likisagwa kidogo na kubaki chengachenga, buluu ni nzito, likisagwa hadi unga laini, rangi hupauka. Fundi mmoja angeweza kupata buluu mbili au tatu kutoka tanuru moja bila kuongeza kitu.

Baada ya kisima kuna ukumbi wa nguzo mbili, kisha ngazi nyingine, kisha chumba kingine chenye picha zilizokamilika. Halafu unaingia chumba cha maiti. Katikati kuna jeneza la graniti nyekundu kutoka Aswan, karibu kilomita 200 kusini, na kwenye pembe zake miungu ya kike wametandaza mabawa kumkinga mtu ambaye hayumo tena. Watu hulizunguka jeneza na kulipiga picha. Wageuke nyuma wautazame ukuta.

Ukutani kumeandikwa Kitabu cha Malango, safari ya jua usiku kupitia malango ya kuzimu. Hili ndilo kaburi la kwanza bondeni kuwa nacho. Lakini nasema kimeandikwa na hakijaandikwa. Pembe hii imechongwa, ile imechorwa tu, na pengine utakuta jiwe lililolainishwa bila kitu.

Kazi ilianza na lipu. Mafundi walilainisha jiwe, wakajaza matobo ya gumegume kwa jasi, wakasugua hadi ukuta ukawa sawa. Kisha wakachukua uzi uliolowekwa katika rangi nyekundu, watu wawili wakaukaza ukutani, wa tatu akauvuta kidogo na kuuachia. Uzi ukapiga, ukaacha mstari ulionyooka, na pembeni yake matone madogo yaliyoruka. Kwa mistari ya namna hiyo waligawa ukuta kuwa safu, na pale sanamu ilipohitaji kipimo kamili walichora miraba. Mtu aliyesimama alipewa miraba 18 kutoka wayo hadi mpaka wa nywele usoni: goti kwenye mstari wa sita, kitovu kwenye wa 11, shingo kukutana na mabega kwenye wa 16. Kipimo hiki kilitumika kwa karne nyingi, na ndiyo sababu mafundi waliopishana miaka mia tano huonekana kana kwamba wamefundishwa na mtu mmoja.

Halafu akaja mchoraji na wino mwekundu. Hapa ningemwomba mgeni asogee karibu kadiri kizuizi kinavyoruhusu. Kuna watu wanaovuta kwa kamba mashua ya mungu jua. Mguu wa mmoja wao, kutoka paja hadi kifundo, umechorwa kwa mstari mwekundu usiosita hata mara moja. Juu yake umepita mstari mweusi. Mweusi haukuufuata mwekundu wote. Kwenye goti umeenda nao, kwenye misuli ya chini ya goti umeingia ndani kwa upana wa kucha, kisha imekutana tena kisiginoni. Kwa macho yangu mguu wa kwanza haukuwa na kasoro. Macho ya mwenye wino mweusi yaliona kwamba mtu anayevuta mzigo hawezi kuwa mnene hapo.

Waongoza watalii husema mwekundu ni wa mwanafunzi na mweusi ni wa mwalimu. Sikatai, ila nadhani neno mwanafunzi linampunja yule wa kwanza. Mkono wake haukutetemeka. Alijua herufi za picha kwa mamia, alijua kila moja inaangalia upande gani, na alizipanga katika safu za wima zisizopungukiwa nafasi chini. Mwekundu alikuwa fundi, na mweusi alikuwa fundi aliyemzidi, na hakuna aliyefuta kazi ya mwenzake. Marekebisho yaliwekwa juu, ya kwanza yakabaki, kwa kuwa wote wawili walijua kuwa mchongaji anakuja na rangi itafunika yote.

Mchongaji alianza kwa kuufuata mstari mweusi. Alikata mfereji mwembamba kuuzunguka umbo, patasi imelala upande, nyundo inagonga kidogo kidogo. Kisha akaanza kushusha ardhi, yaani kuondoa jiwe lote lililo nje ya umbo kwa milimita chache, ili umbo lenyewe libaki limeinuka. Makaburi ya wafalme waliotangulia bondeni yalichorwa tu. Mchongo wa kuinuka uliopakwa rangi ulianzia kwa Horemheb. Aliyewahi kumtazama mchonga milango wa Lamu au Unguja anaijua hesabu hii: ua halichongwi, kinachochongwa ni mahali pasipo na ua. Tofauti ni kwamba mbao ikiharibika unatafuta mbao nyingine, na ukuta wa mlima hauna mwingine.

Katika safu moja utaona mtu ambaye kichwa na kiwiliwili vimekwisha kuinuka, sikio limetobolewa, bega limeviringwa, na kuanzia magotini bado ni wino. Jirani yake ameshakatiwa mfereji tu. Anayefuata ni mistari miwili, mweusi juu ya mwekundu, mchongaji hakumfikia. Ukihesabu nyuma kutoka kwa huyo wa tatu hadi wa kwanza unapata mpangilio wa kazi yote, na unaona pia kwamba hawakungojana: mchoraji alikuwa mbele, mchongaji akimfuata, mpaka rangi akimfuata mchongaji, katika chumba kimoja chenye vumbi la chokaa na moshi wa mafuta.

Kilichowasimamisha si uvivu. Mfalme alifariki. Desturi iliruhusu siku 70 za kuuandaa mwili kwa mazishi, na muda huo haukutosha kuchonga chumba kizima. Sehemu chache ziliwahi rangi. Nyingine zilibaki kama tunavyoziona, mfalme akalazwa, mlango ukazibwa, na kikosi kikahamia kwenye kaburi la mfalme mpya. Muda mfupi baadaye mafundi wa kijiji hicho hicho walilichonga kaburi la Seti wa Kwanza, na wengi huliona kuwa ndilo zuri kuliko yote bondeni. Mimi sioni ajabu. Walikuwa wameshajifunza kwa Horemheb.

Jina la Horemheb limejaa kuta hizi ndani ya fremu zake za kifalme. La mwenye mstari mweusi halimo. Wenzake wa vizazi vilivyofuata angalau walijichongea makaburi yao wenyewe kijijini, siku za mapumziko; la Sennedjem, lililogunduliwa mwaka 1886, ni chumba kimoja kifupi chenye dari la tao, na rangi zake ni mbichi hadi leo.

Basi ukifika Luxor, kumbuka kwamba makaburi ya Bonde la Wafalme hufunguliwa kwa zamu. Uliza getini kama la Horemheb liko wazi siku hiyo. Likiwa limefungwa, nenda kwa Seti wa Kwanza, ulipie tiketi yake ya peke yake, na usitoke kabla ya kukiona chumba ambacho picha zake ziliishia kwenye mistari ya wino. Usiguse ukuta, maana jasho la mkono huharibu lipu na rangi. Ukitoka, panda upite Deir el-Medina kwa Sennedjem kabla ya kurudi kivukoni.