Mwendo wa Polepole katika Tamthilia ya Wafu

Mtazamaji anapochoshwa na mchezo, neno la kwanza limjialo kinywani ni kwamba hadithi haiendi. Lawama hiyo iliiandama sana tamthilia ya Kimarekani iitwayo The Walking Dead, hasa msimu wake wa pili, uliorushwa na kituo cha televisheni cha AMC tangu Oktoba 2011 hadi Machi 2012. La ajabu ni kwamba waliolaumu ndio hao hao walioipenda. Walinung'unika kila wiki, na kila wiki wakarudi kutazama. Mwaka 2010 ilipofunguliwa, tamthilia hiyo ilipata huko Marekani watazamaji milioni 5 na ushei. Sehemu ya mwisho ya msimu uliolaumiwa ikapata takriban milioni 9. Vijana wetu nao wameitazama, na manung'uniko hayo hayo twayasikia majumbani mwetu. Kwa hiyo si vibaya tukayapima.

Hadithi yenyewe imetokana na vitabu vya katuni vilivyoanza kutolewa mwaka 2003, mtunzi wake akiwa Robert Kirkman. Askari mmoja, Rick Grimes, anazinduka hospitalini katika jimbo la Georgia na kukuta ulimwengu umekwisha haribika, wafu wameinuka na wanawala walio hai. Msomaji wetu atakumbuka mara moja msukule. Lakini msukule wa imani zetu, yule asadikiwaye kuwa kazikwa kumbe kachukuliwa na mchawi amlimie usiku, ana bwana wake; na katika imani za watu wa Haiti vile vile mfu huyo ni mtumwa wa mtu. Wafu wa tamthilia hii hawana bwana wala kazi. Wana njaa tu, nao hutembea polepole.

Katika sehemu ya kwanza ya msimu wa pili, mtoto wa kike aitwaye Sophia anawakimbia wafu barabarani na kupotelea msituni. Wenzake wanapiga kambi katika shamba la mzee Hershel, daktari wa mifugo, na kuanza kumtafuta. Wanamtafuta leo, wanamtafuta kesho. Kinapatikana kikaragosi chake kando ya kijito, mwenyewe hapatikani. Baina ya safari hizo watu wanateka maji, wanabishana, wanaomba Mungu, wanakaa barazani. Sehemu sita zinapita hivyo. Mpwa wangu, niliyekuwa nikitazama naye, alikuwa na rimoti mkononi, akiyarusha mazungumzo ili afikie mapambano. "Mjomba," aliniuliza, "hawa wataongea mpaka lini?"

Swali lake si la kipuuzi. Ila tutazame ni nani mle ndani ya hadithi aulizaye swali hilo hilo. Ni Shane, rafiki wa Rick. Yeye ndiye asemaye kwamba mtoto amekwisha kufa, kwamba msako huu ni kupoteza nguvu, kwamba yafaa wafunge mizigo waondoke. Watunzi wameichukua pumzi fupi ya mtazamaji wakaitia kifuani mwa mtu mmoja wa mchezo, kisha wakatuacha tumtazame mtu huyo anakuwa nani. Tayari amekwisha mpiga risasi Otis, mtu wa shamba lile, akamwachia wafu wamle ili yeye apate kukimbia. Anayesema hadithi haiendi amesimama upande wa Shane pasipo kujua. Hili ndilo jambo ambalo wengi wa waliolaumu hawakuliona.

Sisi tulio katika fani ya ushairi tunao mfano wake. Kibwagizo hurudiwa kila ubeti, wala msikilizaji mwelekevu hasemi kwamba shairi limesimama. Maneno ni yale yale, ila kila yarudipo yamebeba mzigo wa ubeti uliopita. Msako wa Sophia ni kibwagizo cha namna hiyo. Kila wanaporudi mikono mitupu, uso wa mama yake, Carol, si uso wa jana.

Mzigo huo unatuliwa katika sehemu ya saba, iliyoonyeshwa tarehe 27 Novemba 2011. Ghalani kwake Hershel amewafungia wafu, akiwamo mkewe, kwa kuwa anaamini ni wagonjwa na huenda wakapona. Shane anavunja kufuli. Wafu wanatoka mmoja mmoja na kupigwa risasi, na hapo mtazamaji mwenye haraka anapata alichokitaka. Bunduki zinanyamaza. Kisha anatoka wa mwisho, naye ni mtoto. Wale wenye bunduki, Shane miongoni mwao, wanaganda. Rick, aliyeonekana mzito kuliko wote, ndiye anayesogea mbele na kumaliza. Mpwa wangu aliiweka rimoti mezani.

Hata hivyo, tusiwafunike watunzi kwa sifa. Ugomvi wa Rick na Shane juu ya Lori umerudiwa bila kuongezeka chochote, na huo si kibwagizo bali ni kigugumizi. Wanawake wengi wameachiwa kufua, kupika na kulia. Pengine kazi ilipwaya kwa sababu Frank Darabont, aliyeileta hadithi hii katika televisheni, aliondoka Julai 2011 na usimamizi ukashikwa na Glen Mazzara; viungo vya mikono miwili vyaonekana mahali pengine. Lakini yale mazungumzo ambayo mzee Dale anawasihi wenzake, mmoja baada ya mmoja, wasimwue mateka kijana, siyahesabu katika makosa, ingawa ni maneno matupu tangu mwanzo hadi mwisho. Uhai wa mtu haujadiliwi kwa mbio.

Kosa la kweli lilikuja baadaye, wala halikuwa la mwendo. Aprili 2016 msimu wa sita ulifungwa kwa kipigo cha rungu, na mtazamaji akafichwa ni nani aliyepigwa mpaka Oktoba. Hapo hadithi haikwenda polepole. Ilizuiliwa, kama karani azuiavyo faili hali limekwisha tiwa sahihi. Watu milioni 17 walikuja kuona jibu, kisha wakaanza kuondoka, na ilipomalizika Novemba 2022 walikuwa wamesalia milioni 2 na kidogo. Kule shambani hakuna aliyefichwa kwa hila. Otis ndiye aliyekuwa akiwakusanya wafu wa shamba, naye alikufa kabla ya kusema lolote. Mtoto alikuwa ghalani siku zote walizomtafuta, hatua chache kutoka barazani.